Paundi Milioni Moja na Nchi Iliyo Ng'ambo ya Tana

Mwaka 1965, uhuru wa Kenya ukiwa haujatimiza miaka miwili, serikali ilitoa waraka ambao hadi leo hutajwa kwa nambari yake tu: Waraka Nambari 10. Ulihusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi, na mkono wa waziri Tom Mboya umo ndani yake. Katikati ya kurasa zake mna hesabu fupi. Paundi milioni moja zikiwekezwa mahali fulani, pato la mwaka litaongezeka kwa paundi 20,000. Zikiwekezwa kwingine, litaongezeka kwa 100,000. Busara basi ni kuzipeleka huko kwa pili. Nchi itapata 80,000 zaidi kila mwaka, na faida hiyo ndiyo itakayowasaidia wale wa kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Mahali pa pili palielezwa kwa sifa zake: ardhi nzuri, mvua ya kutosha, njia za usafiri, umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Msomaji wa Garissa hahitaji kuonyeshwa mahali pa kwanza ni wapi. Waraka ulipokuwa ukipigwa chapa, mkoa wake ulikuwa vitani. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, siku kumi na sita baada ya bendera kupandishwa Nairobi, na sheria zake maalumu hazikufutwa hadi 1991. Labda ndiyo sababu hata sasa mzee wa Garissa akimwona jirani amepanda basi la kuvuka daraja la Tana, atasema tu kwamba fulani ameenda Kenya.

Hesabu ile ina ukoo. Jeremy Bentham, mwanasheria wa London, aliieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1789: kitendo chema ni kile kinachozidisha raha na kupunguza maumivu kwa wote wanaoguswa nacho. John Stuart Mill akaipalilia karne iliyofuata. Hii ndiyo falsafa ya manufaa, ambayo leo huwaongoza mawaziri wa fedha na wakuu wa usalama wengi ambao hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa Bentham.

Ni rahisi kuishutumu, na wengi huishutumu kabla ya kuitendea haki. Bentham aliishi katika himaya ambayo bwana mwenye shamba alihesabika na mtumwa wake hakuhesabika kabisa. Kusema kwamba kila mtu ni mmoja na hakuna azidiye mmoja, kwamba maumivu ya mchunga mbuzi yana uzito uleule wa maumivu ya mfalme, lilikuwa jambo la kuwatia hofu wakubwa. Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, aliisukuma hoja hiyo hadi mwisho wake: njaa iliyo mbali haina uzito mdogo kuliko njaa iliyo mlangoni, kwa hiyo mwenye uwezo wa kuizuia bila kupoteza jambo la maana, anawajibika kuizuia. Kwa nchi inayokumbwa na ukame kama kaskazini mashariki ya Kenya, ambako misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, hoja kama hiyo si ya kubezwa.

Wajir iliwahi kuona hesabu ya namna hii ikifanywa vizuri. Katika miaka ya 1970, kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wafugaji, na madaktari walikuwa wamekata tamaa: mgonjwa huanza dawa, mvua inanyesha upande mwingine, naye anahama na ngamia wake kabla hajapona. Mwitaliano Annalena Tonelli akaona kwamba kasoro ilikuwa katika mpango, si kwa mfugaji. Akaweka mahali ambapo wagonjwa walijenga vibanda vyao wenyewe, wakaishi humo na jamaa zao, wakameza dawa mbele ya mhudumu mpaka muda wa tiba utimie. Watu wakaiita manyatta ya TB. Mpango ulifanya kazi, na njia ya kumsimamia mgonjwa anywe dawa mbele ya macho baadaye ilisambazwa na Shirika la Afya Duniani kila pembe ya dunia. Fedha kidogo, maisha mengi. Bentham angefurahi.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Desemba 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, watu walianza kufa Garissa kwa homa iliyowatoa damu. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Mbu huipeleka kwa mifugo, na binadamu huipata kwa kuchinja, kwa kumzalisha mnyama aliyeharibu mimba, kwa kushika damu, kwa maziwa mabichi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji, ikazuia mifugo kusafirishwa na kulifunga soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki. Kufikia Machi 2007, homa ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini.

Amri ile ilikuwa sahihi, na mtu mwenye akili timamu hangeipinga. Lakini tazama ni nani aliyeilipia. Mfugaji aliyepanga kuuza fahali wawili ili alipe karo alirudi nao nyumbani. Dalali, mwenye bucha, mama wa maziwa ya ngamia na kijana wa kupakia ng'ombe kwenye lori walikaa wiki baada ya wiki bila shilingi. Mlaji wa Nairobi aliacha nyama ya ng'ombe akala kuku. Halafu kuna jambo walilogundua watafiti waliokwenda kuwahoji wafugaji baadaye: dalili zote, yaani mvua isiyo ya kawaida, mbu wasiohesabika, kondoo kuharibu mimba kwa wingi, zilikuwa zimeonekana malishoni kabla tahadhari rasmi haijatolewa. Wasomali wa huko wana jina lao la ugonjwa huo, sandik. Waliokuja kubebeshwa gharama ndio waliokuwa na habari mapema, na hakuna aliyewauliza.

Udhaifu wa falsafa ya manufaa unaanzia hapo. Kujumlisha kwenyewe hakuna ubaya. Tatizo linakuja kwenye malipo. Waraka wa 1965 haukuandikwa kwa ukatili. Ulitambua kwamba wa kwanza watanyimwa, ukaahidi watafidiwa kwa faida ya wa pili. Ahadi ni deni, lakini deni hili halikuwekewa tarehe, wala hakutajwa mtu atakayekuwa na haki ya kulidai. Isitoshe, waraka ulihesabu pato badala ya heri ambayo Bentham aliitaka. Paundi ishirini elfu katika nchi isiyo na kisima huenda zikaondoa mateso mengi kuliko laki moja katika nchi yenye reli. Mfuasi mkweli wa Bentham angelikataa jedwali lile siku ya kwanza.

Hesabu hiyo huwa hatari zaidi pale kinachowekwa mizanini ni watu wenyewe.

Mwanzoni mwa 1984, koo za Degodia na Ajuran zilikuwa zikiuana Wajir kwa sababu ya malisho na maji. Serikali ilitaka bunduki zisalimishwe, na kwa maoni yake Wadegodia hawakusalimisha za kutosha. Amani ya wilaya nzima ikapimwa dhidi ya ukoo mmoja. Ijumaa tarehe 10 Februari, askari walianza kuwakusanya wanaume na wavulana wa Degodia, nyumba zikachomwa moto. Waliokamatwa walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache nje ya mji wa Wajir. Waliamriwa kuvua nguo na kulala kifudifudi juani. Walikaa hivyo kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, wengine wakapigwa risasi walipojaribu kukimbia, na miili ikapakiwa kwenye malori ikatupwa porini. Annalena Tonelli, yuleyule wa manyatta ya TB, alikwenda na gari kuwatafuta walio hai na kuwazika wafu. Kwa sababu ya kusema aliyoyaona, alilazimika kuondoka Kenya.

Serikali ilisema waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona walikaribia 1,000, na wenyeji wanataja idadi kubwa zaidi. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya dola na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya kuwafidia waliodhulumiwa na serikali zilizopita.

Atakayeitetea falsafa ya manufaa atasema Wagalla ilikuwa hesabu mbovu: haikuleta amani, ilizaa chuki ya vizazi, kwa hiyo Bentham mwenyewe angeilaani. Kweli kabisa. Lakini utetezi huo unasikitisha ukiuchunguza. Una maana kwamba kama mauaji yale yangefanikiwa, kama bunduki zote zingetoka na mapigano yakaisha, basi tungelazimika kuketi na kuyajadili kwa upole. Mjane wa Wajir hakuhitaji kusubiri matokeo ili ajue kwamba alichotendewa ni dhuluma.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua swali hili zamani, na katika eneo ambalo karibu kila mwenyeji ni Mwislamu, jibu lao lina uzito zaidi kuliko la London. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakuwa adui wa manufaa. Ndiye aliyepanga mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika kitabu chake cha misingi ya fiqhi alichunguza swali la adui anayewatanguliza mateka Waislamu kama ngao. Je, jeshi lishambulie, mateka wafe, ili umma uokoke? Alijibu kwamba linawezekana kwa masharti matatu tu: iwe ni dharura ya uhai, iwe ni yakini na si dhana, na linalookolewa liwe ni umma mzima, si kundi fulani. Kisha akaleta mfano wa chombo kinachozama. Abiria mmoja akitoswa, wengine watapona. Asipotoswa, wote watakufa. Ghazali alisema hapana, hata wakipiga kura. Waliomo chomboni ni wengi, lakini wengi si umma mzima, na wingi wao hauwapi haki juu ya roho ya mwenzao.

Tuchukue masharti hayo matatu twende nayo Wagalla. Dharura? Mazungumzo ya wazee yalikuwa bado yanawezekana. Yakini? Hakuna aliyejua ni nani kati ya wanaume wale aliyekuwa na bunduki. Umma mzima? Ilikuwa wilaya moja. Yote matatu yanaanguka.

Yanaanguka pia katika mambo ya karibuni. Tarehe 2 Aprili 2015, washambuliaji wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye serikali ilizisimamisha kampuni 13 za hawala, na familia ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na mauaji zikakatiwa fedha za jamaa walio Nairobi, Dubai na Minneapolis mpaka marufuku ilipoondolewa Juni. Ikafuata mipango ya kuifunga Dadaab, kambi za wakimbizi zilizoanzishwa 1991 kwa ajili ya watu 90,000 na ambazo katika njaa ya 2011 zilihifadhi karibu nusu milioni. Usalama wa Wakenya zaidi ya milioni 40 ukawekwa upande mmoja wa mizani, wakimbizi upande wa pili. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliibatilisha amri ya kufunga, akisema kuwalenga wakimbizi wa Kisomali ni ubaguzi na ni adhabu ya jumla inayokiuka katiba. Jaji huyo hakuyapuuza maisha ya Wakenya. Alichokataa ni kuwaadhibu watu kwa kosa ambalo hawajathibitishwa kulitenda.

Chombo cha Ghazali kilipata mfano wake barabarani, karibu na El Wak, tarehe 21 Desemba 2015. Mwaka mmoja uliotangulia, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilikuwa limetekwa, abiria wasio Waislamu wakatengwa, na 28 wakauawa. Kwa hiyo washambuliaji waliposimamisha basi lingine na kuamuru Waislamu wajitenge, kila aliyekuwa ndani alijua kitakachofuata. Waislamu walikuwa wengi. Kutii kungewaokoa. Walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia watekaji wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu wa Mandera, alipigwa risasi akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi, akatunukiwa nishani ya taifa baada ya kifo. Watu wawili walikufa katika tukio lile. Basi zima lingeweza kuangamia.

Wafuasi wa Bentham hujaribu kulichukua basi hili liwe ushahidi wao, wakisema abiria waliona mbali, kwamba mshikamano una manufaa ya kudumu. Hoja hiyo haishawishi. Mtu aliyeelekezewa bunduki hana nafasi ya kupiga hesabu ya miaka kumi ijayo, na kama abiria wote wangeuawa bado tungewaheshimu vilevile.

Hata hivyo si vizuri kuifanya hesabu kuwa dhambi ya serikali peke yake. Koo nazo huhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mapigano ya koo yaliitikisa Wajir hadi wanawake wa ukoo mmoja wakakataa kuuziana maziwa na wa mwingine sokoni. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianza mazungumzo baada ya kukutana arusini, wakaweka wanawake wa kulisimamia soko, wakawafuata wazee mmojammoja. Azimio la Al-Fatah la mwaka 1993 lilivizima vita, na Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Njia ilikuwa ya fidia: roho ikitoka, ukoo mzima unalipa, na mlolongo wa kisasi unakatika. Wengi walio hai leo wako hai kwa sababu hiyo.

Kiwango kilichowekwa kilikuwa ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Mtu asome tena.

Mambo huharibika zaidi pale mfumo huohuo wa fidia, uitwao maslaha, unapopelekewa kesi ya ubakaji. Msichana amenajisiwa, familia yake ni ya ukoo huu, mtuhumiwa ni wa ule. Wazee wanakaa chini ya mti, wanaume pekee, na swali lililo mbele yao ni la kweli na la kutisha: kesi ikienda mahakamani, je, vijana hawatachukua silaha? Ngamia wanakubaliwa, fatiha inasomwa, mashahidi hawaonekani tena kituoni. Amani ya watu elfu imepatikana kwa kunyamazishwa kwa mtoto mmoja, ambaye hata hao ngamia hawakabidhiwi yeye. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imesema wazi kwamba uamuzi wa kuacha kesi kama hiyo si wa familia wala wa wazee, na kifungu cha 159 cha katiba kinaruhusu njia za kimila almradi zisikiuke haki za binadamu. Watetezi wa haki wa Garissa wamekuwa wakilipigia kelele jambo hili kwa miaka. Wazee walioonewa na hesabu ya Nairobi wanamfanyia msichana wao hesabu ileile, na ajabu ni kwamba wachache kati yao wanaona kufanana kwake.

Sasa mjadala umehamia kwenye mgao wa fedha. Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa majuma mengi juu ya fomyula mpya ya kuzigawia kaunti mapato. Upande mmoja ulikuja na kauli ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, ambayo ni Bentham mtupu aliyevalishwa kofia ya siasa za Mlima Kenya. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa zile ambazo zingepoteza. Mvutano uliisha Septemba 17 kwa makubaliano kwamba fomyula isubiri mpaka fungu lote liongezwe na asiwepo wa kupunguziwa.

Kauli ile inavutia mpaka mtu ajaribu kuipeleka chanjo Hulugho, kaunti ya Garissa. Kaunti hizo tatu ni zaidi ya sehemu ya tano ya ardhi ya Kenya. Shilingi inayomfikishia dawa mtu wa Kiambu haiwezi kumfikishia wa huko hata nusu ya njia. Na kabla ya kugawa kwa vichwa, lazima vichwa vihesabiwe kwanza: Agosti 2010 serikali iliyafuta matokeo ya sensa ya mwaka uliotangulia katika wilaya nane, zikiwamo Lagdera, Wajir Mashariki na za Mandera, kwa kuwa idadi ilionekana kubwa mno. Wafugaji waliopuuzwa walipokuwa wachache sasa walishukiwa kwa kuwa wengi.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuipa ile fidia ya kale sura ya kisheria. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Safari hii deni lina tarehe, ila ni tarehe ya kufutwa: hazina itakoma miaka 20 baada ya katiba kuanza kutumika, yaani Agosti 2030. Kuirefusha kunahitaji kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti. Garissa, Wajir na Mandera zina maeneo bunge 18 kati ya 290, na kaunti tatu kati ya 47.